Breki ya Nyuma Kushoto

Mama Mapacha hakuwa mtu wa kuchezewa kwenye mambo ya gari. Mtaa mzima ulilijua hilo, na kama kuna aliyehamia juzi akawa hajui, mwenyewe alimjulisha kabla chai haijapoa. Kila asubuhi ya shule alipakia watoto wa majirani kwenye gari lake kuukuu, lenye rangi ya maziwa yaliyochacha na mlango mmoja wa bluu uliotolewa kwenye gari jingine, akawapeleka shuleni pamoja na pacha wake wawili wa kike, na mchana akawarudisha. Ndiyo ilikuwa kazi yake. Wazazi wangeweza kutafuta gari jipya zaidi, lenye viti visivyochoma mapaja. Hawakuhangaika. Mama Mapacha alikuwa amewaambia kwamba gari lile analifungua mwenyewe na kulifunga mwenyewe, na kwamba kilichomo ndani anakijua kama anavyokijua kilichomo kwenye sufuria yake. Wakamwamini, wakamkabidhi watoto, basi.

Wala hakuwa anatia chumvi. Jumamosi nyingi ukipita pale ungemkuta uani, amevaa suruali ya zamani ya mume wake, kitambaa kichwani, miguu imetokeza chini ya gari, anazungumza na nati iliyokataa kulegea kwa maneno ambayo sitayaandika hapa.

Aliyemfundisha ni huyo huyo mume. Enzi za uchumba wao, vijana wengine waliwapeleka wachumba wao kupiga picha au kunywa soda. Yeye alimpeleka uani kwa mjomba wake, akamkalisha kwenye kiti cha dereva, akajilaza chini kando ya gurudumu na kumwambia: "Kanyaga. Shikilia. Achia." Kanyaga, shikilia, achia, mchana kutwa. Binti hakujua kwamba ndivyo breki inavyotolewa upepo, kwamba mmoja lazima akanyage na mwingine afungue na kufunga kwenye gurudumu. Yeye alidhani ndiyo mapenzi, na tuseme ukweli, hakukosea sana. Alirudi nyumbani mguu wa kulia unamuuma na uso umejaa kicheko. Baadaye alichoka kukaa juu, akasema na yeye anataka kulala chini aone kuna nini. Mume akampisha. Alikuwa mwalimu mzuri, mvumilivu, hakuwahi kumcheka.

Ndiyo maana wakati wa mvua za mwaka jana, gari lilipoanza tabia ya kukimbilia kulia kila anapokanyaga breki, alimwendea yeye kwanza.

"Baba Mapacha, hili gari linavuta kulia."

Baba Mapacha alikuwa anafunga kamba za viatu. Alifanya kazi ofisi ya maji, na ofisi ilimpa pikapu ya kuendesha, kwa hiyo gari la nyumbani alilishika kwa nadra.

"Kulia?"

"Nikishika breki tu, linakwenda kulia."

Jioni ile alikaa kando yake, wakazunguka mtaa. Hakutazama barabara, alitazama mikono ya mkewe. Waliporudi akasema kwa upole, "Ni wewe, mama. Unaegemea mkono wa kulia. Breki ukishika unaubana usukani na kuuvuta."

Naye akakubali! Mwanamke aliyeweza kusikia bolti imelegea kwa mlio wa barabara akakubali kwamba mkono wake mwenyewe haujui unachofanya. Lakini angekataaje? Huyu ndiye aliyemfundisha. Akaanza kujirekebisha. Akijua anakaribia kusimama, aliupeleka usukani kushoto kidogo, kama anayemsogeza mtoto kitandani. Akazoea, hata akalifanya jambo lenyewe utani. Wazazi wakimuuliza habari za gari aliwaambia gari ni zima, ila mkono wake wa kulia umenenepa kuliko wa kushoto, unamzidi nguvu. Walicheka, naye alicheka pamoja nao.

Wiki hii breki zikaanza kulia kelele. Si mlio wa kubembeleza, ni ule wa chuma kwa chuma, unaomfanya mtu kando ya barabara aume meno. Akanunua pedi za mbele na viatu vya breki vya nyuma, akamwambia mumewe wafanye kazi Jumamosi.

"Jumamosi nampeleka mama kwa dada yake," mume akasema. "Wewe badilisha za mbele. Za nyuma usiziguse, nilizifunga mwenyewe, zina maisha marefu. Hivyo viatu tuviweke akiba."

"Si umpeleke mama na gari letu? Nitafanya kazi Jumapili."

"Mama na mgongo wake? Pikapu ina kiti kizuri."

Akaona ni sawa. Mama mkwe alikuwa mtu mzima, na kila mara mwanawe alimchukua kwa pikapu ya ofisi. Siku moja pikapu ilipokuwa gereji, alimtafutia teksi. Mkewe alimsifu kwa hilo. Aliwaambia wenzake kwamba mwanamume anayemtunza mama yake hivyo, hata mke anaweza kulala usingizi.

Jumamosi ikafika. Pacha wakaenda kucheza kwa nesi, jirani wa ukuta kwa ukuta, ambaye mtoto wake ni mmoja wa abiria wa kila siku. Mama Mapacha aliweka mawe nyuma ya matairi, akainua mbele kwa jeki, akaegemeza gari kwenye magogo. Kutu ilikuwa imekula kila mahali. Bolti zinazoshika breki zilikuwa zimeungana na chuma chenyewe, na kuzitoa kukahitaji mafuta ya taa, subira, nyundo, na yale maneno niliyosema sitayaandika. Pedi za zamani zilitoka zikiwa nyembamba kama ukucha. Akasugua kutu kwa brashi ya waya mpaka chuma kikaonekana, akapaka grisi mahali pake, akaweka pedi mpya. Upande wa kulia, kisha wa kushoto. Jua lilikuwa bado halijafika utosini, mikono ilikuwa imeshachafuka, na viatu vya nyuma vilikuwa pale kwenye boksi vinamtazama. Mume alisema asiguse. Lakini alisema hivyo kwa kumwonea huruma ya kazi, si ndiyo? Akaona atamfurahisha akirudi akute yote yamekwisha.

Akashusha mbele, akainua nyuma, akafungua upande wa kulia. Ngoma ya gurudumu, kile chuma cha duara kinachofunika breki, ilitoka kwa kugongwa kidogo. Kwa ndani ilikuwa inang'aa, na viatu vyake, vile vipande viwili vilivyopinda vinavyoisukuma ngoma ili gurudumu lisimame, vilikuwa vimekwisha mpaka kwenye chuma. Kumbe hayo ndiyo maisha marefu! Alitikisa kichwa, akavibadilisha.

Nyuma kushoto ngoma ilikataa. Aliizunguka kwa nyundo, akamwaga mafuta ya taa, akangoja, akagonga tena. Ilipoachia ilimwangukia magotini pamoja na vumbi jekundu. Akachungulia. Viatu vya upande huu vilikuwa vinene, vizima, hata maandishi ya kiwandani yalikuwa bado yanasomeka. Akafurahi. Angalau upande mmoja umepona, akasema kwa sauti, kisha akaigeuza ngoma ili aifute.

Ndani yake ilikuwa na kutu tupu. Ule uso unaopaswa kusuguliwa kila siku mpaka ung'ae ulikuwa mwekundu na wenye magamba. Mkono wake ulisimama na kitambaa hewani. Kitu kinachofanya kazi hakishiki kutu mahali kinapofanyia kazi. Mwenzake wa kulia alikuwa amechakaa kwa kuvuta peke yake, na huyu wa kushoto alikuwa amekaa tu, anazunguka, anapanda mtelemko na kushuka, hajawahi kushika chochote isipokuwa hendibreki gari likiwa limesimama.

Akachukua tochi, akajilaza chali, akalifuata bomba la mafuta ya breki kwa kidole. Bomba lilipokaribia gurudumu alilikuta limekunjwa. Lilikunjwa kama mtu anavyokunja mpira wa maji akitaka maji yasipite, likagongwa kwa nyundo mpaka likawa bapa, kisha likafungwa kwa waya.

Hiyo njia aliijua. Mafundi wa haraka haraka hufanya hivyo silinda ya gurudumu moja, kile kipande kinachovisukuma viatu kwa mafuta, ikianza kuvuja, wakamwambia mwenye gari arudi kesho. Gari linabaki na magurudumu matatu yanayoshika na moja la mapambo, na ukikanyaga breki linavutwa upande ule ulio mzima. Alitafuta haraka haraka fundi wa kumlaumu. Gereji ipi? Lini? Nani amewahi kuligusa gari hili? Tochi ikatua kwenye waya.

Ncha za waya zilikuwa zimekunjwa kwa ndani. Zote mbili, kwa uangalifu, zikafichwa chini ya mzunguko wa kwanza. Mtu mmoja tu duniani alifunga waya hivyo. Kamba ya kuanikia nguo ilifungwa hivyo, na geti, na mpini wa ndoo, na kitanda cha wanasesere wa mapacha. Mume wake hakuwahi kuacha ncha ya waya nje, isije ikamchoma mtoto mkono.

Mama Mapacha alibaki pale chini. Mafuta yalimdondokea shavuni, hakuyafuta. Alimwona mtoto wa nesi, anayekaa kila siku nyuma kushoto na pua kwenye kioo. Aliwaona mapacha wake wamebanana katikati. Aliuona mtelemko wa kuelekea shuleni na malori yake. Lakini hayo yote, Mungu amsamehe, hayakumuuma kama jambo jingine. Mume wake alikaa kwenye kiti kile jioni ile, akamtazama mikono, akijua. Alijua, akamwambia ni mkono wako. Mwaka mzima amelirekebisha kosa lisilo lake, amejicheka mbele za watu, na yeye amekaa mezani akicheka pia.

Akalia? Hapana, bado. Alijikokota kutoka chini ya gari, akanawa, akatembea hadi kwa muuza spea. Yule bwana akapekua rafu, akaifuta silinda vumbi kwa mkono wa shati.

"Hii ipo tangu mwaka jana," akasema. "Hakuna anayeitaka. Na bomba unalihitaji?"

"Na bomba."

Akarudi, akaondoa lile bomba lililokunjwa, akalilaza juu ya kigogo. Akafunga jipya, akafunga silinda na viatu, akairudisha ngoma iliyosuguliwa kwa msasa. Ikabaki kutoa upepo. Hiyo kazi inataka watu wawili, na angeweza kumwita nesi aje akanyage. Hakumwita. Alikaa juu ya tairi akangoja.

Pikapu ikaingia alasiri. Baba Mapacha alishuka akipiga mluzi, akaona gari liko juu kwa nyuma, mluzi ukakatika.

"Umefungua na za nyuma?"

"Panda ukanyage," mkewe akasema. "Kuna upepo."

"Ngoja nibadilishe nguo kwanza."

"Panda, Baba Mapacha."

Akapanda. Kutoka pale kwenye kiti alikuwa hamwoni, alisikia sauti tu ikitoka chini, nyuma kushoto.

"Kanyaga."

Akakanyaga.

"Shikilia."

Akashikilia. Mafuta yakatoka na mapovu kwenye chupa.

"Achia. Hili bomba ulilikunja wewe?"

 Kuku wa jirani akapita chini ya gari, akafukuzwa kwa spana.

"Kanyaga. Nimekuuliza."

"Silinda ilikuwa inavuja," mume akasema. "Niliona mafuta kwenye tairi asubuhi, wewe ulikuwa unawavalisha watoto, mlikuwa mmechelewa. Nikasema niizibe ya siku mbili tatu, nitafute spea."

"Shikilia. Uliitafuta?"

"Kazi ziliingiliana."

"Achia. Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia ungelisimamisha gari."

"Ningelisimamisha, ndiyo! Kanyaga!"

"Na ungewaambia wazazi wote. Unajijua. Ningeonekanaje? Mtaa mzima wananiletea magari yao niyasikilize, halafu langu mwenyewe nimelikunja bomba." Sauti yake ikashuka. "Kila nikitaka kusema, naona nimeshachelewa. Jana ningeweza, leo siwezi. Ikawa hivyo. Halafu hakuna kilichotokea, mama. Siku zikawa zinapita, hakuna kinachotokea."

"Shikilia. Ukaniambia ni mkono wangu."

Mume akashikilia.

"Na mama yako ukamtafutia teksi."

Mguu uliteleza kwenye pedeli, ikarudi kwa kishindo. Mkewe alifunga haraka kabla upepo haujaingia tena. Hilo la mama alikuwa hajalifikiria mpaka lilipomtoka mdomoni, na lilipotoka akaona limekaa mahali pake sawasawa, kama nati kwenye bolti yake. Basi ndivyo alivyotupima. Kuna wa teksi, na kuna sisi.

Alitambaa, akatokea kando ya mlango, uso mweusi kwa grisi. Alitaka kumwona anapojibu.

"Niambie kitu kimoja. Ulikuwa unapata usingizi?"

Angeweza kudanganya. Hata yeye mkewe, wakati ule, alimwombea kimoyomoyo adanganye, aseme alikuwa anagaagaa, anaamka, anasimama dirishani. Baba Mapacha aliutazama usukani.

"Nilikuwa nalala," akasema.

Wakamaliza magurudumu yaliyobaki bila neno jingine ila kanyaga, shikilia, achia.

Alilijaribu gari peke yake, hakutaka mtu kando yake. Barabara ya nyuma ilikuwa tupu. Akaongeza mwendo, akakanyaga, na gari likaruka kushoto, tairi likagusa ukingo. Alishtuka, akadhani amekosea kufunga. Akajaribu tena, likaenda kushoto tena. Ndipo alipotazama mikono yake akaiona inavuta usukani kushoto yenyewe, kama ilivyofundishwa. Gari lilikuwa linakwenda sawa. Aliyepinda sasa ni yeye. Hapo ndipo alipolia, injini inaunguruma, kitambaa cha kichwani kinywani ili asisikike.

Aliporudi, mume alikuwa amekusanya spana na kuzifuta zote, moja moja.

"Nitakwenda kuwaambia wazazi," mkewe akasema. "Naanza na nesi."

"Sawa. Lakini sema ni fundi." Alimshika mkono. "Sema kuna fundi alifanya, tumegundua, tumetengeneza. Kuna uongo gani hapo? Mimi si fundi?"

Aliutoa mkono wake, akaenda.

Nesi alikuwa anaanua nguo, vibanio mdomoni. Watoto walisikika ndani wakigombania kiti. Mama Mapacha akamweleza yote wima wima, bila kupamba: gurudumu la nyuma kushoto lilikuwa limezibwa bomba la breki, halikushika tangu mvua za mwaka jana, leo limetengenezwa. Nesi alivitoa vibanio mdomoni kimoja kimoja.

"Upande anaokaa mwanangu."

"Upande huo huo."

"Nani aliyeliziba?"

Nyuma yake Mama Mapacha alisikia hatua za mume zikisimama kwenye ukuta mfupi kati ya nyumba zao. Neno "fundi" lilikuwa tayari ulimini, jepesi, lingemwokoa baba wa watoto wake. Akalimeza.

"Mume wangu."

Nesi alimtazama Baba Mapacha juu ya ukuta. Kisha akamrudia mkewe, akaitazama mikono yake iliyojaa grisi hadi viwikoni, akaitazama kwa muda mrefu.

"Jirani," akasema polepole. "Kila Jumamosi uko chini ya gari hilo. Mwaka mzima. Wewe usijue?"

 Hili Mama Mapacha hakuwa amelipigia hesabu. Alikuja kutubu kosa la mwingine, kumbe alikuwa anabisha hodi kwenye kesi yake mwenyewe.

"Haki ya Mungu, sikujua. Aliniambia ni mkono wangu. Za nyuma alikuwa anazifunga yeye, alisema nisiziguse."

Alivyojisikia akiyasema, hata yeye asingejiamini. Akageuka. Duniani kulikuwa na mtu mmoja tu aliyejua kwamba hakujua, na alikuwa amesimama pale, hatua chache, na ndoo ya spana mkononi.

"Mwambie," akasema. "Baba Mapacha, mwambie sikujua."

Baba Mapacha aliangalia ndoo. Alimwangalia nesi, akayaangalia madirisha ya majirani. Uso wake ulikuwa ule wa upole aliokuwa nao jioni ya kuzunguka mtaa.

"Mama Mapacha, njoo," akasema. "Haya mambo yetu tutayaongea ndani."

Akaingia zake. Yetu, kasema, si yangu. Nesi alilisikia neno hilo, naye Mama Mapacha alilisikia.

Nesi alilitupa shuka la mwisho kwenye kapu, akaliinua kapu kiunoni. Hakupaza sauti. Alimwita pacha mmoja, akamwita wa pili, akawasukuma taratibu hadi kwa mama yao.

"Jumatatu usimpitie mwanangu," akasema. "Na hao wazazi wengine nitawaambia mwenyewe, usihangaike."